Feni ya Tatu

Mama Semboja alinipa rula na kalamu mbili za wino.
"Hizza, wewe umesoma.
Gawa ukurasa. Ya kweli tia kushoto,
ya moyo tia kulia.
Ya kushoto nitalipa fundi. Ya kulia nitaomba radhi."

Basi nikakaa. Jumatatu asubuhi, ukumbi umelala,
viti vimepakiwa mezani miguu juu,
sakafu inanuka bia ya jana na dawa ya kudekia,
nje, Barabara ya Kumi na Nne,
baiskeli zinapigiana kengele kwenda sokoni.
Nikalivuta daftari la maoni
linaloning'inia kaunta kwa kamba ya katani.

"Choo cha wanaume hakina komeo."
Nikaenda. Nikafunga. Mlango ukanifungukia.
Kushoto.

"Soda elfu moja, kwingine mia saba."
Kushoto. Ingawa huko kwingine hakuna pa kukaa,
lakini hilo hakuliandika, na mimi si wakili.

"Mishikaki migumu kama kesi ya shamba."
Hapo kalamu ikasita.
Nilikula mitatu usiku uleule, ikayeyuka mdomoni.
Ila mwandiko naujua: mzee Kilua wa Makorora.
Ana meno manne,
na ana kesi ya shamba.

"Mhudumu kanidharau."
Usiku ule Zaina alikuwa peke yake, meza kumi na moja,
jino linampwita, kitambaa kafunga shavuni.
Hakumdharau mtu. Hakumwona mtu.
Aliona meza, chupa, chenji.
Sasa huyu bwana nimwambie kaongopa?
Alikaa dakika arobaini mkono juu
kama mtoto anayejua jibu na mwalimu hamtaki.
Dakika arobaini: kushoto.
Mkono: kulia.

Jumamosi moja, meza moja, watu wawili.
Mmoja kaandika: "Muziki ulinipasua kichwa."
Wa pili: "Hata sikusikia kama palipigwa muziki."
Spika ni zilezile, nilizikokota mwenyewe kutoka Chumbageni.
Sauti ilikuwa kwenye saba, na aliyeiweka ni mimi.
Saba ni saba.
Ila iliingia katika vichwa viwili.
Nasikia huyo wa pili, usiku ule, aliambiwa ndiyo.

Nikapiga mistari, nikafuta, rula ikachafuka.
Kisha mwandiko mdogo, uliosimama wima,
wa mtu aliyezoea kujaza stakabadhi:

"Feni ya tatu kutoka mlangoni inalia.
Mwaka juzi tulikuja wawili, ikawa inalia hivihivi,
mume wangu akaigiza mlio wake mpaka nikajimwagia juisi.
Safari hii nimekuja mwenyewe.
Nawaomba msiitengeneze."

Nikainua macho.
Fundi Mbelwa yuko juu ya ngazi, chupa ya mafuta mkononi.
Feni ya kwanza imeshakuwa bubu.
Ya pili, bubu.

"Huyo kasemaje?" Mama akauliza, anahesabu kreti.
"Kasema feni ya tatu inalia."
"Si ndiyo! Kushoto hiyo. Fundi, sogeza ngazi."
"Bado, mama. Kuna na ya chini yake."

Nikamsomea.
Hakunijibu. Alihesabu kreti moja mara mbili.
Kisha: "Mbelwa, shuka baba.
Pesa yako iko palepale, ya feni tatu."

Jumamosi iliyofuata kijana wa Raskazone, viatu vyeupe,
kaandika kwa herufi kubwa, karibu atoboe karatasi:
FENI MBOVU. WENYEWE HAWAJALI.

La kwanza nimelitia kushoto, ni kweli tupu.
La pili, kalamu bado iko hewani.